Vikopo Tisa vya Neno Karibuni

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya mabango pale Malindi nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi ukosi wake ungekata mkate. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, cheti mkononi, na niliamini hakuna herufi duniani nisiyoijua. Fundi Mkuu alikisoma cheti, akakiweka mbali na rangi, akanipa msasa.

"Bati kwanza, mwanangu. Herufi zitakungoja."

Nikasugua bati wiki tatu. Vumbi nililotoa lingeujaza Mto Sabaki.

Miaka hiyo ya themanini bango liliandikwa kwa mkono. Tulipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, tukachora herufi kwa penseli, kisha tukazijaza kwa rangi ya mafuta. Kazi ya kifahari ilikuwa kuyeyusha, yaani kuigeuza rangi moja ndani ya maandishi hadi iwe nyingine, jicho lisione zinapobadilishana. Unapaka rangi mbili zikigusana, zingali mbichi, halafu unapitisha brashi kavu mpakani kwa wepesi wa mtu anayempangusa jasho mtoto aliyelala. Ukichelewa, upepo wa baharini umeshazikausha, na mpaka unabaki kama kovu.

Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio, na wawili walionitangulia walikwisha kurudishwa makwao, hoteli moja ya Watamu ilipoagiza bango la langoni: neno KARIBUNI, kutoka manjano hadi nyekundu. Fundi Mkuu akanikabidhi kazi, akaenda zake Kilifi kupima ukuta wa duka. Niliyeyusha siku mbili sikuinua kichwa. K ikaanza manjano ikaisha nyekundu. A nayo ikaanza manjano ikaisha nyekundu. Vivyo hivyo hadi I ya mwisho, na kovu hakuna hata moja. Nikajiona fundi wa pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Vanga.

Fundi Mkuu aliporudi, meneja wa hoteli alikuwa nyuma yake. Alikuwa mzee wa Mambrui, maneno yake ya taratibu. Alilitazama bango muda wa kuiva biriani.

"Fundi, mimi niliomba jua moja lichomoze. Hapa yamechomoza manane."

Ndipo nikaelewa. Rangi ilitakiwa isafiri katika neno zima, K iwe manjano, I ya mwisho iwe nyekundu. Mimi niliianzisha safari upya kila herufi. Na rangi yenyewe imeshakauka. Meneja akauliza huo ni mkono wa nani, maana hataki uiguse kazi yake tena.

"Mkono ni wake, kosa ni langu," akasema Fundi Mkuu. "Nilimwambia rangi, sikumwambia neno. Tupe siku tatu, na atakayeandika ni yeye."

Tukalisugua bati hadi likarudi jeupe. Kisha akanipangia vikopo tisa: cha kwanza manjano tupu, cha tisa nyekundu tupu, na vya katikati kila kimoja kimezidishwa wekundu kidogo. Kila herufi ilianza na kopo lake ikaishia na kopo la jirani, kwa hiyo rangi ya mwisho ya K ndiyo ya kwanza ya A. Siku ya tatu meneja alitembea mbele ya bango kutoka K hadi I, akauliza kama ule mkono una nafasi ya kuandika na la ukumbi wa chakula.

Baadaye nilihamia karakana moja ya Kilifi, chini ya Msimamizi aliyepima hata kivuli chake kwa rula, nikadumu huko hadi kustaafu.

Siku hizi nashinda kwenye duka la uchapishaji la mpwa wangu Mwanaisha, hapa Malindi. Kompyuta yake inayeyusha rangi kwa kubofya mara moja. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuipa mkono. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kuchukua bango la arusi. Mimi ndiye niliyemchagulia Mwanaisha rangi, buluu kwenda nyeupe, nikaenda kunywa kahawa. Bango lilikwisha kuchapwa, na kila herufi ilikuwa na buluu yake na nyeupe yake. Mama akauliza nani kafanya haya. Mwanaisha akainamisha kichwa.

Niliinuka kitini. Fundi Mkuu, Mungu amrehemu, sikupata kumshukuru vya kutosha.

"Kosa ni langu, mama. Nilimwambia rangi, sikumwambia neno."