Bi Mwanaidi Mkimya Nilimpeleka Stoo

Krrr! Nilisikia selotepu ya katoni ikibanduliwa kwa nguvu stoo, nikajipongeza: Bi Mwanaidi kafurahi. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba wakimya hupenda upweke, nikamtoa muuzaji wetu huyu kwenye kaunta ya duka letu la vitenge Kariakoo, nikamweka stoo afungue mizigo. Nikakaa mimi, msemaji.

Akaingia mteja wetu mkubwa wa Mbeya. Nikasifia vitenge mpaka koo likakauka, nikapunguza bei bila kuombwa.

"Mdogo wangu, pumua," akasema. "Yule mama yuko wapi? Yeye hunyamaza tu mpaka naongeza bei mwenyewe."

Bi Mwanaidi akatoka stoo, mkoba begani. "Mwanangu, duka la jirani wamenipa kazi kaunta."

"Nakufuata huko huko, mama," mteja akadakia.

Nikafungua kinywa, msemaji mimi, na mlango wa kioo ukajifunga nyuma yao.