Ndizi ya Mupangaji Wangu

Baba alipokufa aliniachia mimi, binti yake wa pekee, nyumba ya mbao upande wa Rughenda, Butembo. Nikaipangisha kwa mama mumoja mujane, aliyekimbia vita kule Kalunguta na bajukuu bake. Alikuwa mupangaji wangu wa kwanza. Nilijiona patronne, mwenye nyumba kabisa.

Vitu vyake havikujaza hata chumba. Lakini mugongoni, penye mutu anabebaka mutoto, alikuwa amefunga na kitenge kitoto cha ndizi na udongo wake. Ilikuwa mbegu ya marehemu bwana yake. Shamba lote baaskari balilikata juu ya kuweka kambi. Ile tu ndiyo ilibaki.

"Mwana wangu," akaniomba, "uniachie niipande nyuma ya nyumba. Vita ikiisha, nitatoa vitoto vyake nirudishe kwetu."

Kwa desturi yetu mupangaji analima maharagi, anavuna, basi. Ndizi hapana. Ndizi inakaa myaka, na mwenye kupanda kitu cha kukaa, kesho atasema udongo ni wake. Donc bazee ba famille banakunywaka kasiksi, pombe ya ndizi, kwanza, banashuhudia, ndipo jembe linaingia. Mimi nikaombe baba zangu badogo ruhusa juu ya parcelle, kiwanja changu mwenyewe? Hasira ilinipanda hata mbele ya kuuliza. Nikamwambia, "Panda, mama. Hapa ni mimi nasema."

Akapanda. Ikashika, ikatoa majani mapya. Bajukuu balikuwa banaimwagia maji ya kunawa.

Siku moja baba mudogo mumoja akapita. Hakupiga makelele. Aliuliza tu, "Nani alishuhudia?" Nikaanza kueleza, lakini yeye alikuwa ameshaazima panga kwa jirani. Akaikata, akachimbua mizizi, akatupa yote barabarani, camions za mizigo zikaikanyaga. Yule mama alibaki amesimama na kopo ya maji mukononi. Hata hakuniangalia. Heri angenitukana. Inaniuma mpaka leo: nilimupa kitu sikuwa nacho.

Juma ile mama akahamia Beni, kwa ndugu yake kule Mavivi. Baba mudogo akamwaga béton ya saruji penye ndizi ilikuwa, apate fasi ya pikipiki yake.

Vita ilipotulia kidogo, yule mama alikuja kunisalimia kabla ya kurudi Kalunguta. Tulikunywa chai, tukaongea habari ya bajukuu. Kisha akauliza, pole pole, kama hakuna hata kitoto kamoja cha ndizi kaliota tena nyuma ya nyumba.

Nikasema hapana, mama.

Akasema si neno, ataenda tu kuangalia. Akasimama, akaenda, na mimi nikabaki kukusanya vikombe.