Kiwambo cha Verlyn Pagel

Verlyn Pagel hakuoa, hakuhama, wala hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la kusukuma theluji la wilaya yetu, kazi isiyo na shukrani hata chembe. Aliamka watu wakiwa wamejikunyata blanketini, akawafungulia barabara, kisha watu hao hao wakaamka na kumlaani kwa kuwa theluji ya barabarani imewazibia geti. Alimeza matusi hayo hadi akastaafu. Ukikutana naye dukani alikusalimia, akataja baridi, na maneno yakaishia hapo. Wengi walimchukulia kuwa bubu mwenye adabu.

Jumapili mchana, ibada ikishaisha na jimbo letu zima la Wisconsin likijifungia kutazama mpira, bubu huyo aliota ulimi. Alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, akaketi mwisho wa meza, akasimamisha mbele yake kiwambo cha karatasi ngumu kilichochakaa kwenye mikunjo, na nyuma ya kiwambo hicho akawa mfalme, mchawi, mwenye hoteli mlevi, bibi kizee muuza sumu, na joka. Kwetu mwanamume asiyetazama mpira Jumapili hudhaniwa mgonjwa. Verlyn hakujali. Saa zile chache ndizo alizokuwa akiishi, siku nyingine zote alikuwa akizisubiri tu.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Mmoja anasimulia dunia, na wengine kila mtu ana mtu wake ndani ya dunia hiyo, anayemsemea na kumwamulia. Likija jambo la hatari, dadu ya pande ishirini inaamua. Miaka ile Verlyn na wenzake walijaribu michezo ya kila namna. Kulikuwa na ule wa wafanyabiashara wa angani, ambao utamu wake ni kudanganyana bei kwenye sayari za watu. Kulikuwa na ule wa wapelelezi wanaopagawa kidogo kidogo kwa mambo wanayoyagundua, na humo walicheka kuliko popote, maana hakuna kichekesho kama mtu mzima anayeigiza kuogopa kabati. Lakini kila mara walirudi kwenye mapanga na majoka, na sababu ilikuwa moja: humo ulikuwa unakufa. Mtu uliyemlea miaka, ukampa jina na makovu, angeweza kuondoka kwa dadu moja mbaya. Ndiyo maana ulipopona, ulipona kweli, na ukarudi nyumbani umevimba kichwa.

Desturi ya meza ile ilikuwa kwamba mtu wako akifa, unasimama, unachana karatasi yake, ile iliyoandikwa sifa na majeraha yake, kwa mkono wako na kuitia kwenye kopo kuukuu la kahawa. Gordy Wachowiak, fundi bomba mwenye domo refu, alikuwa amechana nyingi kuliko mtu yeyote. Kopo lilikaribia kuwa lake. Marlys Tollefson, mpishi wa nyumba ya wazee, hakuwa amechana hata moja. Mtu wake alikuwa Hedda, mwanamke wa panga na ngao, na Hedda alikuwa ametoka kwenye mambo ambayo hakuna mwingine aliyetoka. Gordy alimwita bibi asiyezikika. Marlys alikuwa akipenda sana kuitwa hivyo, na wala hakuficha.

Hakuwa na vingine vya kujivunia. Mumewe Roger alimwacha akahamia Arizona na mwanamke wa pale ofisini kwake. Baadaye ikaja saratani ya titi. Alipona, akarudi jikoni kumenya viazi. Katika yote hayo, Jumapili alishuka ngazi za Verlyn na bakuli lake la viazi na nyama, akaketi, akawa Hedda.

Verlyn alimpenda. Alimpenda tangu kabla ya Roger, akanyamaza, akampenda wakati wa Roger, akanyamaza, na Roger alipoondoka akanyamaza vilevile, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Jumapili ya kwanza baada ya Roger kuondoka, zimwi la mlimani lilimrukia Hedda, na Verlyn akatupa dadu nyuma ya kiwambo kama kawaida, mahali wachezaji wasipoona. Ilikuja ishirini, namba ya kuua. Alimtazama Marlys, aliyevimba macho kwa kulia, akasema ni sita, zimwi limekosa. Marlys akacheka, kicheko chake cha kwanza wiki ile. Verlyn hakuwahi kumpa mwanamke hata ua. Aliona amepata cha kumpa, na tangu siku hiyo akawa anampa kila Hedda alipokaribia kaburi.

Kilichomfichua kilikuwa friji. Ile ya zamani ilikaa karibu na ngazi, upande wa wachezaji. Ilipokufa, waliomletea mpya waliiweka kwenye soketi iliyokuwa ikifanya kazi, nyuma kabisa ya kiti chake, naye akaona haina neno. Meza nyingine yoyote isingekubali kitu hicho, maana nyuma ya mwendesha mchezo hapapitwi. Verlyn akawa anafunika dadu kwa kiganja kila mtu alipokwenda kuchukua bia.

Jumapili ya joka la barafu alisahau. Walikuwa wamelifukuza joka hilo majira mawili ya baridi, na siku hiyo hatimaye walikuwa pangoni mwake. Verlyn alikuwa amesimama, mikono imetanuka, sauti imeshuka hadi mtu unavuta kiti karibu. Soseji zilipoa sahanini bila wa kuzigusa. Hedda alikuwa majeruhi, pigo moja lingemmaliza. Gordy aliinuka taratibu kufuata bia, asiharibu simulizi. Dadu ikatupwa.

"Saba," alisema Verlyn. "Kucha zinakwangua kofia yako ya chuma, zinapita. Limekukosa."

Marlys alipiga meza kwa furaha. Gordy alibaki amesimama na chupa mkononi.

"Verlyn, hiyo ishirini."

"Umeona vibaya."

"Ndugu yangu, mimi nasoma mita za maji chini ya masinki ya watu. Hiyo ishirini."

Marlys alidhani ni utani, akamwambia aache uchokozi wake, akae. Kisha akamtazama Verlyn. Ni uso uliozoea kusema uongo ukiwa nyuma ya kiwambo, sasa umetokeza juu yake, na uongo haukukaa.

"Umeanza lini?" aliuliza.

"Roger alipoondoka."

Marlys alikuwa akirudi nyuma kimawazo, pigo kwa pigo, na kila alipofika alikuta mkono wa Verlyn: lile daraja lililokatika, wale majambazi wa msituni, kisima cha sumu.

"Wakati naumwa," alisema, "nilikuwa nikilazwa kwenye ile mashine najiambia, Marlys, wewe ulitoka kisimani, utatoka na humu. Kumbe kisimani ulinitoa wewe."

"Nilitaka uwe na kitu kimoja kisichovunjika."

"Nilikuwa nacho, bwana. Ndicho hicho ulichoniibia."

Gordy naye alikuwa ametuna. Mwezi uliopita tu alikuwa amechana karatasi ya mwizi wake mzee, aliyemlea tangu wanawe wakiwa wadogo, na siku ile aliondoka bila kuaga. Aliuliza kama naye angepunguziwa, au kwake dadu ilikuwa haina huruma. Verlyn akamjibu kuwa kwake alikuwa akisema ukweli siku zote.

"Basi ni mimi peke yangu niliyekuwa nacheza humu," alisema Gordy. "Huyu alikuwa anabembelezwa." Maneno hayo yalimkata Marlys kuliko joka, na Gordy alijuta yakiwa bado mdomoni, ila yalikuwa ya kweli na hakuyarudisha.

Marlys akamwambia Verlyn alaze kiwambo, atupe upya, mbele ya macho ya watu. Verlyn alimsihi waache, wamalize wiki ijayo. Akakataa. Wote watatu walijua hesabu: kumi na moja kwenda juu, Hedda amekufa. Verlyn alilaza kiwambo. Dadu ilibingirika katikati ya sahani, ikagonga bakuli la viazi, ikatulia.

Tatu.

Hedda alikuwa amepona, na safari hii amepona kweli. Hakuna aliyeshangilia. Marlys aliokota dadu ile, akaipima kiganjani, akaigeuza upande huu na ule, akaitupa mwenyewe mara kadhaa ili aone kama haina hila. Verlyn alimtazama akifanya hivyo, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

"Ni dadu ya kawaida, Marlys."

"Nitajuaje?"

Alisimama, akachukua karatasi ya Hedda, iliyolainika kwa kufutwafutwa miaka yote ile, akaichana vipande vinne na kuvitia koponi pamoja na wafu wa Gordy. Kopo lile halikuwahi kupokea aliye hai. Alivaa koti, akavuta buti zake, akafunika bakuli lake likiwa bado nusu na kulibeba.

Verlyn alimfuata hadi chini ya ngazi. Alikuwa na neno, lile lile la tangu kabla ya Roger, na lingeweza kueleza kila kitu. Angekuwa mfalme au bibi kizee muuza sumu angelisema vizuri hadi mtu alie. Lakini kiwambo kilikuwa kimelala mezani, na yeye alikuwa Verlyn tu.

Alimwambia barabara ina barafu, aendeshe polepole.

Marlys akasema anajua.