Kijiji Kilichonyooka

Swali lililoninyima usingizi baada ya kurudi Kasongo lilikuwa hili: nimwambie Administrata, Mbelgiji mkuu wa wilaya, kwamba kijiji nilichokijenga kule Kabambare hakina mtu hata mmoja, au ninyamaze mpaka aende akajionee? Nikisema, watu walionilisha wiki saba watachomewa nyumba wanazokaa kweli, na kapita wao, mkuu wa kijiji, atalazwa chini apigwe fimbo. Nikinyamaza, watachomewa vilevile siku atakapofika, na mimi nitaitwa mwongo juu yake. Nililigeuza swali hilo kama mtu anayechoma hindi bila kujua limeiva upande gani, hadi likaungua pande zote na bado sikuwa na cha kutafuna.

Ilianza na kujitolea kwangu, kama kweli nilijitolea. Nilikuwa nimetoka shule ya walimu ya mapadri, nina diploma ambayo mama aliificha katikati ya mashuka ili panya wasijifunze kusoma. Kazi sikuwa nayo bado. Msimu ule mto Luama ulitoka kitandani mwake upande wa Kabambare, ukabeba kijiji kizima kilichokuwa kando ya barabara. Administrata akaja ukumbini kwetu, akatuambia sisi wahitimu kwamba wakati umefika wa kuonyesha kama ustaarabu umeingia moyoni au umeishia kwenye viatu. Nani anajitolea?

Mimi niliinua mkono kuuliza swali. Nilitaka kujua kama anayejitolea hupewa mwavuli. Lakini haikuwahi kumpitia Administrata akilini kwamba mmoja wetu anaweza kuwa na swali, basi akaandika jina langu, wenzangu wakapiga makofi ya nguvu, makofi ya watu waliopona.

Kwetu sisi Wazimba wa Kasongo, Kabambare siku hizo ilikuwa nchi ya nje. Lugha nyingine, chumvi ya bei nyingine, na huwezi kwenda bila karatasi ya Leta, serikali ya Wabelgiji, inayosema umetoka wapi, unaenda wapi, kufanya nini, na siku gani utaacha kuwa huko. Mama alilia kama ninavuka bahari. Baba, mkulima wa mpunga asiyependa maneno, aliniuliza mambo mawili tu.

“Hao watu wanajua kujenga nyumba?”

“Wanajua, baba.”

“Na weye unajua?”

“Mimi nimesoma.”

Akarudi kwenye mpunga wake, kwa heshima ya diploma.

Nilipanda kamio, lori la mnunuzi wa pamba, nikapita Lusangi nikiwa mwekundu kwa vumbi, na mzigo wangu wa huruma ukiwa nyuma: blanketi, sabuni, daftari kubwa, kamba ndefu yenye mafundo, na gunia la sweta za sufu zilizochangwa na akina mama wa Ubelgiji kwa ajili ya wenzao waliopatwa na mafuriko. Watu wale walikuwa wamepotezewa kila kitu na maji, jua linawachoma, nami nikawagawia sweta. Walipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Bibi mmoja aliinua yake juu, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu kama huyo mnyama alichunwa akiwa hai.

Bibi huyo ndiye aliyepewa kazi ya kunilisha. Alikuwa mjane mpya, maji yalimchukua mumewe. Mwenye kijiji alikuwa kapita, mtu mfupi mwenye kofia ya Leta aliyoivaa tu akizungumza nami, nikigeuka, anaivua. Wao kwa wao walisema Kibangubangu, nami walinisemesha Kiswahili polepole, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

Maagizo yangu yalikuwa wazi: kijiji kirudi palepale kilipokuwa, kando ya barabara, nyumba zote katika mstari mmoja, hatua kumi kati ya nyumba na nyumba, kila nyumba madirisha mawili yanayotazama njia. Leta ilipenda kuhesabu watu wake bila kushuka kwenye gari. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba.

Siku tatu niliwaza kuhusu kamba. Nipime kutoka katikati ya barabara au kutoka mtaroni? Je, kamba ikilowa umande inafupika? Ikifupika, nyumba ya mwisho si itaingia kwenye mpunga? Watu walikaa na majembe mapajani, wakinisubiri.

“Mwalimu,” kapita aliniambia siku ya tatu, “hiyo kamba inaogopa nini?”

“Nataka tusikosee, baba.”

“Basi kosea haraka. Jua iko inapanda.”

Nilipovuta, wakajenga, nami nikakandika kuta chache kwa mikono yangu. Sijawahi kuona watu wanajenga namna ile. Nguzo, fito, udongo, manyasi. Kila siku mbili nyumba tatu zinasimama, zimenyooka kama askari wa gwaride. Jioni niliandika daftarini kwamba wananchi wana bidii ya ajabu wakiongozwa vizuri. Maneno hayo ya mwisho niliyafuta, nikaona ni majivuno, kisha nikayaandika tena, maana ukweli nao usifichwe.

Na kila mchana yule bibi aliniletea chakula. Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wa Luama akipatikana, vyote vikitoa mvuke. Nami mbele ya kila sahani niliwaza. Nikimaliza, nitakuwa nimekula cha watu wenye njaa. Nikibakiza, nitakuwa nimekidharau. Niliwaza hadi ugali ukagandamana. Jambo moja tu sikuliwaza katika wiki tano zote: kijiji kile hakikuwa na moshi. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa na mafiga ndani. Chakula kilinifikia cha moto, na mimi, mwenye cheti cha kufundisha sayansi ya mazingira, sikujiuliza kimepikwa wapi.

Nikiuliza kwa nini hawahamii, walinijibu udongo haujakauka. Asubuhi niliwakuta wapo, jioni niliwaacha wapo, nikaenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya Leta, mbele kidogo ya daraja. Nilidhani wanalala kwenye vibanda vya mashambani. Nilisikitika nao hata nikaandika ukurasa mzima.

Mpaka mvua ikaja. Ilianza baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimewaacha kazini nikaenda kupumzika nyumba ya wageni, mvua ya kupiga ardhi kwa hasira, na Luama ikaanza kunguruma. Kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri. Nilikimbia hadi kwenye mstari wangu, nikagonga mlango wa kwanza. Kimya. Nikasukuma: sakafu tupu, imefagiwa. Wa pili, vilevile. Nilizipitia nyumba zote thelathini na moja, na katika zote hapakuwa na mkeka, chungu, wala unyoya wa kuku. Nikaona ni wazi: maji yamewachukua wote, na mimi ndiye niliyewapanga kwa kamba. Nikakaa kwenye matope nikalia kwa sauti.

Yule bibi akanikuta hapo, jani la mgomba kichwani.

“Mwalimu, nani amekufa?”

“Nyinyi!”

Alinitazama kama alivyoitazama sweta.

“Simama basi. Maiti wanakungoja ndipo wale chakula.”

Nikamfuata. Nyuma ya nyumba za mwisho kulikuwa na njia nyembamba iliyopita kwenye manyasi marefu, nayo ilipanda, ikapanda, mpaka pumzi ikaniisha. Huko juu kulikuwa na kijiji. Nyumba zilikuwa zimekaa zinavyotaka, hii imeipa mgongo ile, nyingine imeinama upande kama inasikiliza umbea wa jirani. Moshi ulitoka kwenye kila paa. Blanketi zangu zilikuwa vitandani, sabuni zangu zilikuwa zimefua, na mbuzi mmoja, naapa, alivaa sweta. Watoto waliniona wakapiga kelele, “Mwalimu wa kamba! Mwalimu wa kamba!” kisha mtu akawanyamazisha, na kimya kikaenea mlango kwa mlango. Kapita akatoka bila kofia.

“Basi umeona,” alisema. “Sasa tujue: hayo macho ni yako ao ni ya Leta?”

Mimi nilikuwa nahesabu nyumba kwa mazoea.

Akanipa kiti karibu na moto, akaniambia. Hapa juu ndipo walipozaliwa, na waliozaa waliowazaa. Leta iliwashusha ili walime pamba na kufyeka barabara, na ili wahesabike. Walipojaribu kurudi mara ya kwanza, askari walipanda wakachoma kila kitu, na kapita wa wakati ule alipigwa fimbo mbele ya wakwe zake.

“Tukashuka. Tukakaa kwa mustari. Maji ilipokuja haikupata taabu. Ilianza nyumba ya kwanza, ikaenda hadi ya mwisho, haikuruka hata moja. Hata Leta haijapata kutuhesabu vizuri hivyo.”

“Mume wangu alitii,” bibi alisema, akikoroga sombe. “Alilala kwa mustari.”

Akanipakulia.

Niliuliza jambo lililoniuma zaidi, na naona aibu kwamba lilikuwa hili: “Sasa kwa nini mlijenga zile za chini pamoja nami?”

Kapita alishangaa kweli. “Tukuache ujenge peke yako? Ulikuja mbali, baba. Mutu anayekuja kusaidia, lazima asaidiwe. Na udongo wako hauna nguvu, tulirudia kuta zako zote.”

“Zote?”

“Ile ya nyumba ya nne ilikuwa nzuri,” bibi alisema. “Ilianguka polepole.”

Wakacheka, na mimi nikacheka, nikiwaza kama kucheka ni kukubali. Kapita akasubiri kicheko kiishe.

“Hatukuombi kitu. Tunauliza tu, utasema nini kule?”

“Nitafikiri,” nikasema.

“Basi tumekufa,” akasema bibi.

Nilikaa nao wiki mbili nyingine. Kila asubuhi tulishuka pamoja kwenda kupaka chokaa kijiji kisicho na watu, na kila mchana nilipanda kula kwenye kijiji kisichokuwapo. Karatasi yangu ilipoisha muda, nikarudi.

Kasongo ilinipokea kama shahidi wa imani. Mama alinishika mashavu, akanizungusha.

“Uliambiwa ukalishe wenye njaa. Mbona umenona?”

Wahitimu wenzangu waliandaa kikao, wakaniomba nieleze niliyoyavumilia. Mmoja, aliyekuwa na miwani isiyo na lenzi, aliuliza kama washenzi wa kule walikubali kuelekezwa. Nilisema walikuwa wavumilivu sana. Wakaandika. Mwingine akasema msiba huwaamsha watu wa nyuma, akapigiwa makofi. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba aliyekuwa nyuma ni mimi, lakini nikafikiri labda itaonekana najishusha ili nisifiwe, na nilipomaliza kufikiri biskuti zilikuwa zimeletwa.

Siku iliyofuata Administrata aliniita ofisini. Daftari langu lilikuwa wazi mbele yake, na mchoro wa kijiji ulimfurahisha kama picha ya mtoto wake.

“Mstari huu,” alisema, “utaonekana mpaka Kindu.” Mkubwa wake wa huko Kindu alikuwa anakuja kutembelea wilaya, naye atampeleka kule, Jumatano ya wiki iliyofuata, alfajiri, kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. “Hatutawaambia. Nataka wakutwe kama walivyo. Wamekaa vizuri?”

“Nyumba zimenyooka sana, Bwana.”

“Vizuri. Tukirudi utaanza kazi hapa. Nahitaji karani mwenye akili tulivu.”

Akili tulivu! Nilitoka nje. Kazi ile ndiyo mama aliyokuwa akiiombea novena. Na alfajiri ya Jumatano milango thelathini na moja itafunguliwa, na nyuma ya kila mlango patakuwa na sakafu iliyofagiwa. Kisha askari watauona moshi wa mlimani.

Siku mbili nilifanya ninachokijua. Niliwaza kwamba labda mvua itakata barabara, au mkubwa ataumwa tumbo. Niliwaza kumweleza Administrata kuhusu mto na mlima, kwa hoja, kama tulivyofundishwa, na nikaiandika hotuba yote kichwani. Kila nilipoifikisha mwisho, yeye alikuwa akiuliza tu mlima uko upande gani. Niliwaza kuandika barua, lakini barua zilipitia ofisini kwake. Niliwaza kuomba karatasi ya njia, lakini karatasi huuliza unaenda kufanya nini.

Nilimkuta baba akipepeta mpunga. Nikamweleza yote, na hoja za kila upande. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika hoja ya tano.

“Leo siku gani?” akauliza.

“Ijumaa.”

“Na huko ni mwendo wa siku ngapi kwa baiskeli?”

“Tatu, nne mvua ikinyesha.”

“Basi unazila hizo siku kwa nini?”

Nilichukua baiskeli yake, muhogo wa kuchemsha, na pampu. Nilipita mbele ya ofisi mchana kweupe, mfukoni sina karatasi wala sababu ya kumwonyesha askari akiniuliza, mimi niliyekuwa siwezi kwenda sokoni bila kubeba diploma. Askari wa zamu alinipungia mkono. Nikampungia. Karibu nianguke.

Jumatatu jioni nilisukuma baiskeli juu ya ule mlima, tairi moja limekwisha pumzi. Bibi aliniona wa kwanza, akaita watu. Kapita akaja, akaangalia mikono yangu kama kuna bahasha.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna.”

Akaniletea kiti, lakini sikukaa. Nikamwambia siku ambayo lazima wakutwe wamelala kule chini, nikamwambia saa, nikamwambia ni nani wanakuja na upande watakaotokea.