Jumanne Nne za Kunyamaza

Mama Birika alikuwa na miaka kumi na tisa katika ofisi ile ya probesheni, akifagia, akipika chai na kuwapanga kwenye benchi watu waliopewa kifungo cha nje. Maafisa sita walimkuta pale, wakapanda vyeo, wakahama. Yeye na birika lake walibaki palepale.

Afisa wa saba alipoingia, nusura Mama Birika aangushe sinia. Alikuwa binti wa mdogo wake, tumbo moja.

"Shikamoo, mama mkubwa! Nimepangiwa hapahapa kwako!"

"Marahaba. Karibu," alijibu, akageuka na sinia lake.

Si kwamba alimchukia mtoto. Alichokichukia ni kile kiti. Zamani, mama yao alipougua, ilibidi mmoja aache shule amuuguze. Wakamtoa yeye, mkubwa, darasa la pili, eti ana mikono ya kazi. Sare yake ikapandishwa upindo, ikamkaa mdogo wake. Mdogo akasoma mpaka akawa karani, akazaa msomi. Leo huyo msomi anajizungusha kwenye kiti cha ofisi, na mwenye sare anamwuliza, "Sukari vijiko vingapi?"

Binti alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Mwisho wake Mkuu wa ofisi angeandika kama anathibitishwa kazini au anarudi kwao. Alijituma, usipime. Kila mtu aliyemsimamia alikuwa na faili, na kila faili rangi yake. Mkuu hakuisha kumsifu: "Huyu ni kichwa!" Mama Birika akisikia hivyo anaosha upya vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Miongoni mwa watu wa binti alikuwamo fundi wa kuchomelea mageti, aliyempasua jirani kichwa kwa ugomvi wa mpaka. Mahakama ilimpa mwaka mzima wa kuripoti kila Jumanne, na asitoke mjini bila ruhusa. Jumanne moja akaja, akaonyesha kitambulisho, akatia sahihi. Mama Birika alipompa kikombe aliona vidole. Vilikuwa laini, kucha safi, hakuna hata kovu moja la cheche. Sura ya fundi, mikono ya muuza duka! Akajua hapohapo kuwa huyu ni ndugu wa fundi, wanafanana tu. Fundi mwenyewe kashatoroka.

Akageuka amwambie binti. Binti alikuwa mlangoni na Mkuu, anacheka. "Huyu fundi ndiye mtu wangu bora. Hakosi hata siku moja."

Mama Birika akafunga mdomo. Jumanne ya pili akanyamaza, na ya tatu pia, akimmiminia yule ndugu chai kwa heshima zote.

Jumanne ya nne Mkuu akatangaza kwamba kesho angekwenda mwenyewe nyumbani kwa fundi, kisha ndipo aandike barua ya binti. Binti akaingia kwenye kichumba cha jiko, akafunga mlango.

"Mama mkubwa, hawa watu unawajua kuliko sisi. Kuna kitu sikioni?"

Neno lilifika hadi kwenye ncha ya ulimi.

"Mimi nijue nini, mwanangu? Mimi mtu wa birika. Wajuzi si ninyi mliosoma?"

Kesho yake Mkuu alirudi amevimba kwa hasira. Mke wa fundi alikuwa amejisemea tu bila kujua anaharibu: mumewe yuko mji mwingine, mwezi sasa, anatengeneza mageti ya kiwanda.

"Mwezi mzima unaandika mtu hewa!" Mkuu alimfokea binti, aliyesimama mbele ya meza. Kisha akamgeukia aliyeshika sinia. "Na wewe, Mama Birika, macho yako yalikuwa likizo? Au ndiyo uzee huo?"

Angeitikia tu, yangekwisha. Lakini aitwe kipofu, na macho yake nayo anyang'anywe?

"Nilimwona," alisema. "Tangu Jumanne ya kwanza."

Mkuu akapiga meza ngumi. Binti akaongezewa miezi sita ya majaribio, na Mama Birika akaahidiwa barua ya onyo, barua ambayo ingebidi asomewe. Akacheka puani. Wasomi hata wakianguka, huangukia godoro.

Binti alimfuata kwenye ujia, macho mekundu. "Mama mkubwa, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Umekaa tu mahali pangu."

"Basi niambie ulimjuaje. Kitambulisho kilikuwa chenyewe, sahihi ileile. Wakinifanyia tena, kazi sina."

"Shule yangu nilimpa mama yako. Hili sikupi."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia palepale aliposimama binti, mpaka binti akasogea.