Uzi wa Sita

Nyumbani kwetu Butembo, mtu wa ukoo akifa, jambo la kwanza analofanya mama si kulia. Anaingia sebuleni, anateremsha gitaa la baba kutoka kwenye msumari wake, anazungusha funguo zake sita mmoja baada ya mwingine mpaka nyuzi zote zinaning'inia, kisha analirudisha ukutani. Hapo ndipo analia. Gitaa hubaki limelegea hivyo hadi siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo baba hulivuta upya, na nyumba inaanza tena kuimba.

Sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Majirani hawana, na upande wa baba walikuwa wakiishangaa. Padri wetu aliwahi kumuuliza mama kama si ushirikina. Mama akamjibu: "Mon père, ile gitare nayo ni mutu wa hii nyumba. Inapashwa kulia na benzake." Padri akacheka, akaomba chai. Nami nilikuwa nikicheka. Siku hizi siwezi.

Majina sitayataja. Kwetu hata yakitajwa hayasaidii sana, maana sisi Wanande tunapewa majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na ukiita jina la kifungua mimba sokoni, nusu ya soko itageuka. Inatosha kusema kulikuwa na baba, mama, kaka yangu aliyehamia Beni, kwenye mtaa wa Ruwenzori, na mimi, binti wa mwisho mwenye mdomo.

Kuimba tulikukuta nyumbani. Babu alikuwa mkulima wa viazi kule Masereka, na gitaa lake alilichonga mwenyewe, la nyuzi nne za waya wa breki za baiskeli. Aliimba juu ya ukungu, bei ya viazi, na jirani aliyemnyima kiberiti. Baba naye akawa dereva wa lori, akibeba mbao na viazi kati ya Butembo na Beni, na zamani hizo wafanyabiashara waliotoka Kampala walimletea kaseti za Wamarekani wenye magitaa, wale waimbao habari za farasi, barabara ndefu na kuachwa na mke. Kwenye karatasi ya kaseti moja kulikuwa na picha ya familia nzima: mzee mwenye kofia pana, mkewe, mabinti zao, kila mmoja na ala yake mkononi. Baba hakujua hata neno moja la Kiingereza. Aliitazama picha ile, akamwonyesha mama. "Ona, nabo ni batu ba nyumba moja." Wiki iliyofuata alinunua gitaa la dukani na kofia. Kofia ilimpwaya, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa ambalo sisi wote tulilelewa ndani yake. Redio ya lori la baba ilikuwa imechoka. Kaseti ilizunguka kwa kujikokota, hivyo Wamarekani wale wote walitoka na sauti nzito, za polepole, sauti za watu wanaotoka makaburini. Baba aliamini ndivyo wanavyoimba. Kwa kuzitafuta sauti zile alizungusha funguo za gitaa lake jipya, akateremsha, akapandisha kidogo, akachanganya na namna ya babu ya Masereka, mpaka gitaa likafika mahali pasipo na jina. Lilikuwa likitoa sauti moja ya huzuni yenye utamu ndani yake, sijaisikia kwingine kokote. Redio ile iliuzwa pamoja na lori.

Miaka baadaye, nikiwa chuoni, mwenzangu alinisikilizisha mojawapo ya nyimbo zile kwenye telefone. Nilishtuka. Kumbe wale watu walikuwa wanaimba kwa furaha, karibu wanacheza! Nilikimbia kumwambia baba, nikiwa na kiburi changu cha mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia telefone.

"Aba banakimbia," akasema. "Mutu hawezi kulia na huku anakimbia."

Hakubadilisha hata ufunguo mmoja. Juu ya gitaa lile alitunga nyimbo zake zote: wa matope, wa vizuizi vya barabarani, wa kaka yangu alipougua surua, na ule aliomtungia mama alipokwama na lori Mutwanga, kwao mama, chini ya milima. Katika ule wa Mutwanga mama anajibu ubeti wa pili, kaka anashika sauti ya chini, mimi ya juu. Tulifundishwa kupiga tungali wadogo. Kitu kimoja tu kilikatazwa: kugusa funguo. "Bidole ni byenu," baba alizoea kusema, "masikio ni yangu." Kila asubuhi kabla ya kahawa alilipanga mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa, na hatukuona sababu ya kujifunza kazi ambayo mwenyewe alikuwepo kuifanya. Nani hujifunza kuwa baba yake wakati baba yupo pale, anakohoa, anaomba sukari?

Mimi leo natunga nyimbo zangu, naimba kwenye harusi kwa gitaa la kawaida lenye sauti za kawaida. Nimejaribu nyimbo za baba kwenye gitaa hilo. Zinatoka kama nguo ya mtu mwingine.

Halafu vifo vikaanza kufuatana. Mdogo wake mama aliuawa shambani kwake nje ya Beni. Sitaeleza zaidi; anayetoka kwetu anajua, na asiyetoka kwetu alisikia kwenye redio akabadilisha stesheni. Mama akalegeza nyuzi. Kabla hatujaondoa matanga hayo, mpwa wake baba akafa njiani akileta mzigo, tukaanza kuhesabu upya. Kisha mwingine. Zamani kati ya msiba na msiba mtu alipata nafasi ya kuimba, hata ya kuchoka kuimba. Sasa gitaa lilining'inia ukutani limelegea msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na baba akipita alikuwa akiligusa tu ubao, kama mtu anayempapasa mgonjwa paji la uso.

Asubuhi moja baba alianguka uani akinawa. Ilikuwa tansio, damu imempanda kichwani. Alipotoka hospitalini upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yameondoka yote, hata jina la mama. Masikio yalibaki. Ukiangusha kijiko jikoni aligeuza macho. Daktari alituambia tujitayarishe, kwamba ikirudi mara ya pili haitamwacha. Wageni walikuja na sukari na maneno yao ya kutufariji, "mujikaze, Mungu iko," nami nilitamani kuwafukuza wote na sukari yao. Maana nilikuwa nimeona baba anatazama nini. Alitazama ule msumari. Hapo nikaelewa: zile sauti sita haziko popote duniani isipokuwa ndani ya kichwa cha mtu asiyeweza kusema, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Akienda nazo, nyimbo zote zinakwenda, na wimbo wa mama pia. Tutabaki na maneno.

Nilijaribu kivyangu, kimyakimya, kwenye gitaa langu. Nilipakua kwenye telefone kile kitu cha kupangia magitaa, chenye mshale unaokuambia umefika au hujafika. Nikavuta uzi mpaka pale nilipodhani ni kwa baba, mshale ukayumba katikati, haukukubali kulala popote. Niliitukana telefone. Nilimpigia kaka Beni, tukabishana, yeye akivumisha sauti yake na mimi yangu, kila mmoja akiapa ndiyo yenyewe, na zilikuwa tofauti. Tulikata simu tukiwa tumenuniana. Kukaa miaka yote chini ya mtu mmoja, ukisikia kitu kimoja kila asubuhi, halafu kumbe hukukishika! Niliona haya, na nilimkasirikia mama na msumari wake.

Hatimaye ikafika Jumapili moja isiyo na maiti. Matanga ya mwisho tulikuwa tumeyaondoa siku iliyotangulia, na jamaa wamerudi makwao. Baada ya misa mama aliteremsha gitaa, akalipangusa vumbi kwa kitenge chake, akaniwekea mapajani.

"Sasa vuta," akasema. "Papa yako atakusikilia."

Tulimkalisha baba kwenye mito. Nilichukua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, nikauweka kwenye kifundo cha mkono wangu unaozungusha funguo. "Papa, ukibana mara moja, navuta. Mara mbili, nalegeza. Ikifika, uniachilie." Alifumba macho. Mwanzo nilidhani hakunielewa. Kisha akanibana.

Sijawahi kufanya kazi ya polepole kama ile. Navuta kiasi cha unywele, napiga uzi, anabana. Navuta tena, anabana mara mbili, nimepita. Jasho lilinitoka na nje jua halikuwepo hata. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ulichukua muda mrefu mpaka mama akaenda kutazama maharagwe akarudi. Halafu vidole vya baba vikafunguka. Nikapiga uzi. Ilikuwa sauti ya utotoni mwangu, yenyewe, imekaa hapo chumbani. Mama akafunika mdomo.

Niliirekodi kwenye telefone papo hapo. Nikarekodi wa pili, wa tatu, wa nne, kila baba aliponiachilia. Kwenye wa nne midomo yake iliinuka upande mmoja, na mama akaanza kuvumisha ubeti wake wa Mutwanga, bila kufungua kinywa, akijaribu kama bado upo. Kwenye wa tano nilikuwa nacheka. Nilisema moyoni, tumekuwahi. Sijui nilikuwa nakiambia kitu gani, labda kifo.

Ukabaki wa sita, uzi mnene, ambao vidole gumba vya ukoo wetu huutembelea tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Bila huo nyimbo za baba hazina barabara ya kupitia. Baba alibana, nikavuta. Akabana, nikavuta. Telefone ikalia.

Alikuwa kaka. "Mama iko apo? Mupatie."

Nilitaka kusema ngoja. Mama alikuwa ameshaichukua. Nilisikia sauti ya kaka ikitoka ndogo kutoka sikioni mwake: "Koko wa Mutwanga amelala, mama. Asubui bamemukuta ivi, ndani ya kitanda yake."

Bibi, mama yake mama. Mtu mzima sana, amekufa kitandani kwake, amejifunika blanketi lake, hakuna aliyemgusa. Kwetu sasa kifo cha namna hiyo kinakaribia kuitwa bahati. Hapakuwa na wa kumlaumu, si watu wenye bunduki, si barabara, si daktari. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikakosa.

Mama aliweka telefone mezani. Akaja akasimama mbele yangu na kunyoosha mkono kwenye funguo.

"Mama, uzi moja tu," nilisema. "Inabakia moja tu. Mungoje kidogo."

"Ni mama yangu," akasema.

Aliyekufa angekuwa shangazi wa mbali, ningebishana. Ningelificha gitaa chini ya kitanda. Lakini mama alikuwa mtoto aliyefiwa na mama yake dakika hiyo, na hicho ndicho kitu pekee alichojua kufanya kwa mikono. Alizilegeza nyuzi gitaa likiwa mapajani mwangu, kuanzia ule mwembamba. Kila mmoja ulishuka ukilalamika. Alipomaliza akakaa sakafuni, akaanza kulia kwa sauti, na majirani wakasikia wakaingia.

Baba alikuwa bado amefumba macho. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kifundo changu. Chumba kilijaa kilio, nyuzi zimekwisha kuning'inia, naye alikuwa ananibana. Mara moja. Ananingoja kidogo, ananibana tena. Vuta. Vuta. Sikuwa na la kumfanyia, nikauacha mkono wangu hapo.

Haikupita muda mrefu tansio ikarudi, wakati mama bado amevaa nguo za matanga ya bibi. Baba alipokata roho mama aliinuka, akaenda sebuleni kama kawaida yake, akateremsha gitaa, akashika ufunguo wa kwanza. Nilimwona amesimama hivyo. Nyuzi zote zilikuwa zimelegea tayari, hapakuwa na kitu cha kumfanyia mumewe. Akalirudisha msumarini, akakaa kitini akitazama mikono yake.

Tuliondoa matanga ya baba kaka alipoweza kutoka Beni. Watu walipokwisha kula, mama aliniletea gitaa. Nikafungua telefone. Uzi wa kwanza ukafika, wa pili, mpaka wa tano, sauti za baba zenyewe, na kaka akaegemea mlango akilia waziwazi. Kisha nikashika ufunguo wa uzi mnene. Niliuzungusha taratibu, nikapiga, nikasikiliza. Nikauzungusha tena. Kaka akanitazama, mama akanitazama, wote wakingoja niseme ni hapo. Nami nilikuwa nangoja mtu aniachilie mkono.