Siku Nne za Pampu Mbovu

Mwaka ule wa masika makubwa, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nakaa peke yangu katika nyumba aliyoniachia marehemu shangazi yangu, kwenye uchochoro wa karibu na Funguni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeachwa, sina mtoto. Ndugu zangu walikuwa Mkokotoni, na tangu nipewe talaka hakuna aliyekuja kunijulia hali.

Asubuhi moja nilikwenda kutia udhu nikakuta maji meusi yanapanda kutoka kwenye tundu la choo. Kabla sijapiga kelele nikasikia majirani wanapiga zao. Pampu ya maji machafu, iliyokuwa ndani ya kijumba cha mawe mwisho wa uchochoro, ilikuwa imekufa, na kila kilichotoka majumbani mwetu kilikuwa kinaturudia.

Kufikia adhuhuri watu walikuwa washahama, wengine Vuga, wengine Ng'ambo, magodoro vichwani. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye nilimlelea wanawe alipougua, alisimama mlangoni kwangu, kashika pua.

"Na wewe shoga, unakwenda wapi?"

"Nnakwenda kwa jamaa," nikamwambia.

Akaridhika, akaenda zake. Sikuwa na jamaa wa kwenda kwake. Nilipanda juu, nikafunga mlango wa ngazi, nikafukiza ubani.

Siku ya pili nikasikia vishindo vya chuma. Nilipochungulia dirishani nikamwona mwanamume mmoja, mtu wa bara, kasimama ndani ya shimo la pampu lililokuwa nje ya kile kijumba, chini ya dirisha langu, uchafu umemfika mapajani. Alishtuka kuniona.

"Dada, nimeambiwa huku hakuna mtu!"

"Mimi nipo."

"Basi naomba maji ninawe. Uso tu."

Nikamteremshia ndoo kwa kamba. Tangu hapo tukawa tunazungumza, yeye shimoni, mimi nyuma ya pazia, maana lau mtu angetuona asingekosa la kusema. Aliniambia shafti, kile chuma kinachozungusha pampu, imekatika, nyingine inachongwa karakana, na wenzake wawili wamekataa kuingia mle. Mkewe alikuwa Tabora, hawajaonana miaka mitatu. Alijua mumewe anafanya kazi ya mashine. Mashine ya nini, mume hakuwahi kumwambia.

Siku ya tatu akaniuliza, "Wewe mbona hukuondoka?"

Jirani alikuwa kaniuliza nnakokwenda, lakini huyu alingoja jibu. Nikamweleza talaka, na jinsi nilivyorudi kwetu na sanduku langu nikaambiwa nimeitia aibu nyumba. Katikati ya maneno nikaanza kulia. Aliacha kugonga mpaka nikamaliza.

"Pole sana," akasema. Kisha: "Umekula leo?"

"Nshakula."

Nilikuwa sijala. Nikaingia jikoni nikapika wali na papa, nikamteremshia sahani yake kikapuni, na mimi nikala yangu palepale dirishani.

Siku ya nne shafti ikaja. Pampu ikakohoa mara mbili, ikaunguruma.

"Mwaga maji, dada!"

Nikakimbia chini, nikamwaga ndoo nzima.

"Yamekwenda?"

"Yamekwenda!" Nilicheka kwa sauti mpaka nikajistaajabia. Nilipopanda tena dirishani alikuwa keshanawa, anafunga vyombo vyake. Akainua mkono, akaondoka.

Majirani walirudi, uchochoro ukajaa ndoo, fagio na makelele. Baada ya wiki nilijitanda buibui nikaenda kwenye kile kijumba na sahani ya vitumbua. Nikamkuta mtu mwingine.

"Yule kahamishiwa Pemba," akaniambia.

Pemba ni kubwa, na mwanamke hawezi kuuliza zaidi ya hapo. Hata jina lake sikulijua. Nikampa yule mpya vile vitumbua, nikarudi nyumbani. Ilinichukua mpaka Ramadhani kuzoea tena kumaliza siku nzima bila kusema neno.